Asubuhi Aliyompeleka Mama kwa Daktari wa Macho

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi reli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Baba yake alipofariki, alibaki yeye kumlea mdogo wake wa miaka mitano. Mtaani mdogo huyo aliitwa Kamanda, kwani aliwapanga wenzake gwaride juani, mwenyewe akakaa kivulini.

Marehemu alisoma shule ya reli, kisha chuo cha ufundi, akahitimu uhandisi wa maji mwaka 1981. Ndiye aliyemhangaikia Kamanda hadi akapata nafasi chuo cha jeshi.

Alianzia kazi kwenye kituo cha pampu, akapanda hadi kuwa Waziri wa Maji. Uwaziri haukumtoa spana mfukoni. Siku moja wageni wa serikali walimkuta amelala chali chini ya sinki la jikoni. "Ngojeni kidogo," aliwaambia, "bomba halijui itifaki."

Alimwoa mama yetu, muuguzi, tarehe 14 Juni 1986. Mama husema alikuja wodini kutengeneza bomba, akalitengeneza mara tatu, na wala halikuwa limeharibika.

Katika uongozi, marehemu alikuwa upande wa waliotaka mazungumzo na mataifa ya nje, na upande huo ndio uliokuwa na nguvu. Asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 2019, makombora ya kigeni yalipiga ukumbi wa baraza, yakamuua mkuu wa nchi na karibu wenzake wote wa upande huo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kufika jioni, wanajeshi waliokuwa kambini, wasiotaka mazungumzo, ndio waliokuwa serikali, na Kamanda juu yao. "Utazungumza nini na mtu anayekupiga?" walituuliza redioni.

Marehemu alikuwa hai, na hilo likawa kosa lake. Kamanda alitangaza: "Kaka yangu alijua. Kama hakujua, mbona hakuwepo kikaoni?" Marehemu akafungiwa nyumbani. Majirani wakaacha kutusalimia. Iliuma, na bado inauma.

Hakujitetea. Sisi mabinti zake tulipomsihi aseme alikuwa wapi, alijibu, "Bibi yenu ana watoto wawili tu. Msimpunguzie." Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Kibali cha kwenda hospitali kiliombwa na kuombwa. Alifariki nyumbani tarehe 4 Februari 2024.

Wasifu huu mwanzoni uliandikwa kwamba "alistaafu kwa sababu za kiafya." Bibi, mama yake marehemu, aliposomewa, alisema:

"Futa hiyo. Siku ile ya makombora mimi nilikuwa naye kwenye gari. Ilikuwa zamu ya Kamanda kunipeleka kwa daktari wa macho. Akapiga simu alfajiri: 'Kaka, nimebanwa, nipelekee mama.' Nilisikia mwenyewe. Mabovu ni macho, siyo masikio. Andika."

Tumeandika.

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, Mkuu wa Nchi, aliyepangiwa kuketi safu ya mbele, kando ya mama yao. Bibi ameomba yeye mwenyewe ahamishiwe kwenye kiti kingine.

Alale kwa amani, yeye ambaye hakumuuza mtu.