Lawrence Wanyonyi na Lawama ya Bawa la Kushoto

Ndugu na majirani wa Munyaka, anayewasomea maisha ya marehemu ni mdogo wake, Hezron. Mama Maximilla, mjane, alimpa kazi hii kwa sababu ndugu hao wawili walifanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Angejua, angempa mtu mwingine.

Lawrence alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Chepsaita, kifungua mimba wa Mzee Wanyonyi, kibarua wa shamba la mahindi, na Mama Kavetsa. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, karo ikamshinda baba.

Alianza kwa kuziba matangi ya maji mjini. Mwaka 2002 akaajiriwa kwenye karakana ya ndege ndogo, kutengeneza sehemu za faibaglasi: vifuniko vya magurudumu, ncha za mabawa. Jamani, huyo mtu alikuwa na mkono! Alichimba ufa wote, akapiga msasa, akalaza kitambaa na gundi tabaka kwa tabaka, akangoja vikauke. Kisha aligonga kwa sarafu ya shilingi akisikiliza. Ikilia kavu, sawa. Ikilia kama debe bovu, alibomoa akaanza upya. Hata nyumbani aligonga mkate kabla ya kula, mpaka Maximilla akamwambia, "Baba Mercy, huo ni mkate, hauruki."

Walifunga ndoa Burnt Forest tarehe 9 Desemba 1995, na Mungu akawajalia Mercy na Elam.

Sasa Hezron anaomba mkunje programu zenu. Mmeandikiwa humo kwamba mwaka 2016 Lawrence "alistaafu mapema kwa hiari yake." Huo ni uongo, na aliyeuandika ni Hezron.

Ilikuwa Julai, na mnajua baridi ya Eldoret mwezi huo. Gundi hukawia kuganda. Kapteni Kiprono alikuwa anangojea ndege yake. Lawrence alimwachia Hezron tabaka za mwisho za ncha ya bawa la kushoto, akaenda mkutano wa wazazi shuleni kwa Elam. Hezron akaona atachelewa, akaongeza dawa ya kugandisha kupita kipimo, akapaka rangi haraka haraka. Gundi iliyozidishiwa dawa haishiki vizuri, na Hezron alilijua hilo. Lawrence aliporudi rangi ilikuwa mbichi, hakuweza kugonga. Akauliza, "Ulipima?"

"Nilipima, kaka."

Akamwamini, akatia sahihi.

Siku ya tatu ncha ile ilibanduka ndege ikiwa angani. Kapteni alitua salama, Mungu ni mwema. Waliokuja kuchunguza waliangalia sahihi, wakamnyang'anya Lawrence kibali chake. Hezron alikuwa amesimama mlangoni, akanyamaza. Mwezi uliofuata akapewa nafasi ya kaka yake. Akaikubali! Vijana wa Munyaka wakaanza kumwita Lawrence "Fundi Banduka," na siku moja Hezron alicheka pamoja nao. Hiyo ndiyo inamchoma kuliko zote.

Februari 2025 figo za Lawrence zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki bila kulalamika, hadi tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi, alipotuacha. Wiki moja kabla, alimshika Hezron mkono, akasema, "Ndugu yangu, nimefikiria sana. Pale kwa bawa, nilikosea wapi?"

Hezron alikuwa na jibu mdomoni. Akasema, "Pumzika kwanza, kaka, tutaongea." Hawakuongea.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa kimemuumbua aliye hai. Kapteni Kiprono, tunakuona hapo nyuma: aliyekuharibia bawa ni Hezron. Mama Maximilla, ni Hezron. Mama Kavetsa, mtoto wako mkubwa alibeba mzigo wa mdogo wake miaka tisa bila kujua ni wa nani. Jumatatu Hezron atapeleka barua karakana aseme haya haya, hata kama atafukuzwa.

Lawrence ameacha mama yake, mjane wake Maximilla, watoto Mercy na Elam, mjukuu mmoja, na mdogo wake, ambaye familia itaamua leo kama ataruhusiwa kutupa udongo kaburini.

Mungu amlaze pema fundi Lawrence Wanyonyi. Hakukosea popote.