Filamu ya Saba ya Kobe

Benchi lilikaa nje ya kibanda cha fundi kufuli, mguu wake mmoja umeongezewa tofali. Fundi mwenyewe walimwita Baba Kobe, kwa sababu ya zile katuni za kobe mpeleka barua. Kila filamu mpya ilipotoka, alifunga kibanda mapema, akavaa shati la mikono mirefu, akaenda sinema. Alianza kwenda na bintiye, mtoto akiwa na miaka mitano. Sasa binti ana watoto wake, anaishi mji mwingine, na leo inaonyeshwa filamu ya saba, ya mwisho. Shati amelivaa tangu asubuhi.

— Mtu mzima na mvi zako, unamfuata kobe! — alisema Wakili, fundi cherehani aliyeweza kubishana hata na saa ya ukutani.

— Niache, bwana.

— Siri yake naijua, — alidakia Daktari, ambaye wagonjwa wake wote walikuwa redio. — Ukumbini kuna baridi nzuri. Anakwenda kulala.

— Wapi! Anamfuata yule mkata tiketi.

— Yule bibi? Ana wajukuu tisa!

— Basi kobe ni yeye mwenyewe. Hebu tazama hiyo shingo. Mchoraji alikuja hapa kuchongesha ufunguo, akamwona, akaenda kuchora.

Mama Chupa, mwenye kahawa, alicheka hadi akaimwaga.

— Kumbe wewe staa, na hutuambii!

Baba Kobe alicheka nao, huku akiupiga tupa ufunguo wa mama mmoja mgeni, aliyekaa mwisho wa benchi na mkoba mapajani.

— Samahani, baba, — alisema yule mama. — Wanangu wananisumbua na huyo kobe, nami sijaona hata moja. Ile ya kwanza inaishaje?

Tupa ikasimama.

— Anafika kwenye daraja lililovunjika. Giza linaingia...

— Halafu?

Wakili akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Mama Chupa.

— Hapo tulitoka, — alisema Baba Kobe. — Mwanangu aliogopa, akalia, nikambeba. Njiani akanitungia mwisho wake: kobe kageuza gamba, likawa mtumbwi. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Giza likiingia, tunatoka, yeye anatunga.

— Na alipokua?

— Alihama, nikawa nakwenda peke yangu. Giza likiingia natoka, nampigia simu, ananitungia. Filamu sita, mama, na miisho ninayoijua ni ya kwake tu.

— Hii ya saba je?

Baba Kobe alipuliza unga wa chuma. Jana alikuwa amempigia bintiye, wapange saa ya kutungiana mwisho. "Nimeshaiona na watoto, baba," binti alisema haraka haraka, vyombo vikigongana nyuma yake. "Tulikaa mpaka mwisho. Nzuri sana. Nenda ukaone."

Hakuwasimulia hilo. Alimkabidhi mama ufunguo wake, akafunga kibanda, akaivuta kufuli mara mbili kuhakikisha.

Mama Chupa aliitikisa chupa, ilikuwa tupu.

— Leo si ukae tu mpaka mwisho, Baba Kobe?

Alifunga kifungo cha mkono wa shati, kilichofunguka alipokuwa akipiga tupa.

— Nikishaujua mwisho, — alisema, — nitampigia simu kumuuliza nini?

Wote wakainamia vikombe vyao, na havikuwa na kitu.