Mlango Niliomfungia Kui

Agneta, niinue kidogo, uniwekee mto mgongoni. Hapo. Walubengo, zima hiyo redio. Na wewe Tonny, sogeza kiti, usikae huko kama mgeni aliyepita kuulizia njia. Nawataka nyote watatu, wanangu, kwa sababu daktari wa Bungoma aliniambia ukweli na mimi nimeukubali, na haya niliyo nayo nataka yatoke wakati ulimi bado unanitii.

Nianze na shamba, maana najua ndilo mnalonong'onezana jikoni. Hili shamba la Tongaren aliloniachia baba yenu Khisa mtaligawa mafungu matatu, sawasawa. Walubengo, nilikusikia juzi. Ulisema ati Tonny alishakunywa fungu lake, na ati mchungaji kama yeye, aliyekwenda kuzika watu akiwa amelewa, akaanguka mbele ya jeneza, hawezi kusimama kwenye mazishi yangu. Sikukukasirikia. Aibu ile ilikupata hata wewe, ukawa huwezi kununua chumvi sokoni bila kuulizwa habari za ndugu yako. Lakini kuna jambo langu mimi ambalo sikuwahi kuwaambia. Agneta nadhani aliwahi kusikia minong'ono, na hakuniuliza, namshukuru. Leo nalisema, halafu mtaamua wenyewe kama mama yenu anastahili kuzikwa na kanisa.

Mnakumbuka tulivyokaa upande wa Kitale, baba yenu akifundisha, mimi nikiwa mzee wa kanisa na mtunza ufunguo. Jirani yetu alikuwa Kui, yule fundi aliyewashonea sare za shule. Kila Jumatano tulikuwa tunaomba pamoja, mimi na yeye, na alijua wimbo mmoja tu wa Kibukusu, anauimba vibaya mpaka maombi yanageuka kicheko. Nilimpenda kama mdogo wangu.

Ikaja Januari ile baada ya uchaguzi, vijana wakawa wanachoma nyumba za watu wa kabila la Kui. Nyinyi tulikuwa tumewapeleka kwa nyanya yenu Bungoma. Adhuhuri moja Kui akaja mbio, mtoto mgongoni, moshi unapanda upande wa kwake, akaniambia, "Mama Agneta, nifungulie kanisa nijifiche." Vijana walikuwa barabarani wakitutazama. Ufunguo ulikuwa kwenye fundo la leso yangu, nausikia ukinigonga kiunoni. Nikamwambia, "Sina ufunguo. Nenda kwingine." Kijana mmoja akauliza kama huyu ni mtu wangu. Nikasema, "Simjui."

Nipe maji kidogo, Agneta.

Kui alikatiza shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, akatumbukia mtaroni, mkono ukavunjika, akajikokota hivyo hivyo mpaka polisi, mtoto akiwa mzima. Nyumba yake iliungua na cherehani ndani. Na mimi Jumapili nikafungua kanisa kwa ufunguo ule ule, nikaimba. Lakini meza ya Bwana ilipoandaliwa sikuweza kusogea. Nikasema tumbo linaniuma. Miaka minne, wanangu, tumbo likauma kila siku ya meza ya Bwana. Ufunguo nikaurudisha nikisingizia macho. Nilikuwa natubu asubuhi na jioni, nikiinuka nahisi kama nimesema na ukuta, nikaamini kabisa kwamba Mungu naye amesema hanijui.

Baba yenu ndiye aliyenitoa huko. Hakupandisha sauti, mnamjua. Alikuwa anachambua maharagwe, akaniambia, "Nangila, kila siku unamwambia Mungu mambo ya Kui. Kui mwenyewe umemwambia lini?" Kesho yake akanipeleka Kitale mjini, alikohamia Kui. Kui alikuwa anashona kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee Madanlal, ule mkono umepona ukiwa umepinda, kitambaa anakisukuma na kiwiko. Nikasimama mbele yake nikasema, "Ufunguo nilikuwa nao." Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua. Niliona fundo." Akaendelea kushona.

Nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Hakuniambia niende wala nikae. Mara ya tano mzee Madanlal akatoka ndani, akasema, "Mama, kila Ijumaa unasimama kwa mlango yangu, wateja napita wapi?" Kui akacheka, akashindwa kujizuia, akanisogezea kiti. Tukakaa mpaka saa ya kufunga duka. Akaniambia, "Leo nimekusamehe. Kesho mkono ukiniuma pengine nitanuna, lakini wewe uje tu." Na kweli kuna siku alinuna. Nikaenda tu.

Ndipo nikasimama kanisani nikasema yote, bila kisingizio cha vijana wala cha hofu. Mchungaji Kiptanui hakuhubiri, aliinamisha kichwa tu. Wengine walinitazama vibaya kwa muda mrefu, na ilikuwa haki yao. Meza ilipoandaliwa nikabaki nimekaa. Kui alikuwa amekuja siku hiyo kutoka Kitale, amekaa nyuma. Akaja mpaka kwenye benchi yangu, akapitisha ule mkono uliopinda chini ya kwapa langu, akasema, "Twende, Mama Agneta, mkate ni wetu sote." Niliula ule mkate nikilia kama mtoto. Tangu siku hiyo sijawahi kuomba nikahisi ukuta.

Basi Tonny, mwanangu, hebu niangalie. Najua una mwaka na miezi hujagusa pombe. Najua Jumapili unasimama nje ya kanisa kule Kitale, unasikiliza kutoka barabarani, kwa sababu Kui alikuona akaniambia. Umengoja nani akuingize? Nenda kwa ile familia uliyoaibisha siku ya mazishi yao. Nenda tena wakikunyamazia. Walubengo, wewe utafuatana naye, mara ya kwanza na ya tano, kama baba yenu alivyofuatana na mimi. Hilo ndilo fungu lako kubwa kuliko shamba.

Agneta, leso zangu ni zako, na ng'ombe mweusi ni wa binti yako Phelista, amkamue mwenyewe. Kui akija kunizika atakaa na familia, kiti cha mbele. Asiulizwe na mtu kama ni ndugu. Mnizike karibu na Khisa. Na chakula kiwe cha kutosha, sitaki watu wa Tongaren waniseme.

Nimechoka sasa... Mungu awaweke pamoja, wanangu. Anayeanguka kati yenu asikose mtu wa kumshika. Walubengo, leta mkono. Na wewe, Tonny. Shikaneni... hivyo.

Tonny, niombee. La, si mchungaji mwingine, ni wewe. Kama maneno yamepotea anza na jina langu tu, Yeye ataelewa. Sauti yangu inaniacha... Anza, baba. Nitaitikia.