Mama Emérence na nusu ya biazi yenye ilibakia mu udongo

Mama Kahongya Emérence, monitrice agricole wetu, mwalimu wa kulima, huku Masereka, alitumika miaka makumi tatu na moja. Tarehe 30 juin 2002 anapumzika kazi. Mimi Jokébed, mwenye kufagia bureau, ndiye balipatia kazi ya kuandika maneno ya kumuaga, juu kinywa yangu haichokake. Ni kweli, haichokake.

Zamani alikuwa anapanda na kushuka milima na miguu, kamba mu mukono, anafundisha batu kupanda pommes de terre, ile biazi yetu, mu mistari ya kunyoroka. Mustari ikipinda, anangoa yote. Ya Papa Syauswa, mulimaji mwenzetu, alingoa mara tatu, bibi yake anaangalia. Ile haya, donc, tuliisemaka ku soko miaka mingi.

Kisha vita. Basoda ba huku na ba kule, njaa yao ilikuwa moja. Tukivuna, banabeba. Tukikimbia mpaka Luofu na kurudia, ghala iko wazi, hata mbegu hapana. Udongo muzuri iko, mvua iko, lakini utapanda nini?

Mwaka 1999 Mama Emérence akatuita. Akasema mistari inaonyesha basoda njia: tupande ovyo ovyo mu majani, na biazi ikikomaa tukate majani yake, tuiache chini, basoda basiione, mpaka septembre, wakati ya kupanda. Papa Syauswa akasimama: "Ah, Monitrice, leo unakuja kusoma kwangu?" Batu bakacheka mpaka machozi. Ye pia akacheka, akamuomba aonyeshe bengine namna ya kupinda.

Août, mwezi ya nane, njaa ikatukamata. Tulikula majani ya maharagi, na biazi iko chini ya miguu yetu. Benye batoto, na mimi ndani, tulitaka kuchimba yote. Mama Emérence akapita nyumba kwa nyumba: chimbeni nusu, ile ingine ni mbegu. Kwake hakuchimba hata moja, mpaka bwana yake akaanza kwenda kula kwa dada yake. Ninaijua vizuri, ule dada ni jirani yangu.

Basoda bakakuja. Balisimamisha hema juu ya shamba ya Papa Syauswa, bakalala pale siku tatu, banalia njaa, na biazi iko chini ya migongo yao. Sisi tulifunga kinywa. Hata mimi.

Septembre ile mulima yote ilipandwa. Batu ba Kanyabayonga balikuja kuomba mbegu, tukabapatia.

Aksanti, Mama Emérence. Kaa kwako muzuri, kunywa chai bila haraka, Mungu akulinde. Na août ikirudia na njaa yake, ile nusu ingine hatutaigusa.