Nilishukuru kwa Sauti ya Kuamia Ndege

Ndugu yangu, wewe unayesoma, sogea karibu, maana haya siwezi kumwambia mtu nisiyemwamini. Bwana wetu ni mwema, asifiwe asubuhi na jioni! Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, madarasa ya jioni, chaki mkononi na mtoto mgongoni. Ukiona sentensi imepinda, inyooshe tu, usinicheke. Lakini jambo lenyewe halijapinda hata kidogo. Nililiona kwa macho yangu!

Sisi watu wa Ifakara mnatujua. Masika ikifika, mji unahama. Unafunga mlango, unabeba sufuria na kuku, unakwenda kukaa shambani mpaka mpunga uvunwe. Shamba letu liko bondeni, upande wa Mofu. Pale katikati ya mpunga baba Tekla, mume wangu, alijenga dungu, kibanda kile cha juu cha miti. Mpunga ukianza kuweka maziwa, mtu unapanda dunguni alfajiri kuamia ndege. Unapiga debe, unarusha udongo kwa kombeo, unapiga kelele mpaka koo linawaka. Ukishuka asubuhi moja tu, kwelea wanakuachia mabua!

Ndugu zangu, kabla ya siku hiyo mimi nilikuwa mtu wa maombi, ndiyo. Lakini maombi yangu yalikuwa ya hofu. Nilizika watoto kabla ya Tekla, na tangu hapo kila nikipiga magoti nilikuwa naomba tu: Bwana usichukue, Bwana usiache, Bwana usichelewe. Kushukuru nilishukuru mwishoni, kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango mvua inakuja.

Mwaka ule, miaka hii hii ya tisini, mvua ilinyesha mpaka tukasahau rangi ya mbingu. Baba Tekla alichukua mtumbwi akaenda Ifakara kufuata chumvi na unga. Akaniambia, "Mama Tekla, nakwenda na kurudi. Lindeni mpunga." Tukabaki mimi na Tekla, wakati huo binti wa darasa la tatu. Nyuma yake maji yakapanda. Jirani yetu wa karibu alikwishahama, maji yameingia jikoni kwake. Njia ya kwenda kijijini ikazama. Kutoka dunguni naona maji, mpunga unaochungulia juu ya maji, na matete. Basi!

Hapo ndipo mwanangu akashikwa na homa. Aliamka anatetemeka. Jua lilipopanda alikuwa amewaka moto, macho yamegeuka, ananiita mimi bibi. Nilimvua nguo, nikamkanda kwa maji, nikampondea mwarobaini, akautapika. Akaanza kushtukashtuka mikono. Ndugu zangu, ninyi akina mama mnanielewa. Niliijua ile hali. Niliwahi kuiona, na nilijua mwisho wake!

Nikaomba. Nililia, "Bwana usimchukue, usimchukue, usimchukue!" Nikaomba mpaka maneno yakaniishia. Kabisa! Nilifungua mdomo, hakuna kitu. Nilikaa pale juu nimempakata mwanangu, nikawa kama gogo.

Sasa sikilizeni alichofanya Mungu. Katika ule ukimya nikamwangalia Tekla usoni, nikakumbuka siku aliyozaliwa. Alizaliwa bonde hili hili! Uchungu ulinishika nikiwa napalilia, mkunga hajafika, mume wangu kakimbia huku na huku kama kuku aliyenyeshewa. Mtoto akatoka mwenyewe, akalia mwenyewe, kwa sauti iliyomfanya baba yake akae chini. Nani alikuwa mkunga siku ile? Nani? Nikajisikia nasema, "Asante Bwana, ulimpokea huyu kwa mikono yako."

Ndugu zangu, lile neno moja likafungua njia! Nikakumbuka jingine. Mwaka kiboko alipopindua mtumbwi wa baba Tekla, naye akatoka majini ameshika matete, anacheka na kulia pamoja. Asante Bwana! Nikakumbuka jioni niliyosoma jina langu ubaoni kwa mara ya kwanza, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, nikatoka nje kulia kwa furaha. Asante Bwana! Nikakumbuka hata wale niliowazika, kwamba walininyonya, walinichekea. Asante hata kwa hao! Kadiri nilivyoshukuru, hofu ilipungua na nguvu ikapanda. Nikasema, Mungu aliyefanya yale yote hajazeeka!

Nikasimama. Na mtu aliyezoea dungu hajui kunong'ona. Nikashukuru kwa sauti ile ile ya kuamia ndege, sauti inayotoka tumboni! "Asaaanteee Bwanaaa!" Nikapiga na debe. Halafu ndipo nikaomba, na sikuomba tena kama mtu anayenyang'anywa. "Ulimpokea akija, mshike na leo! Nitumie mtu!"

Mvua ilikuwa imekatika siku hiyo, na ilikuwa saa za jua kali. Mkulima yeyote anajua saa hizo ndege wamejificha mateteni, hakuna anayeamia. Madungu yote kimya. Kelele zangu zilikwenda juu ya maji peke yake.

Mara nikasikia maji yanachapwa. Nikaona fimbo, kisha kofia, kisha Masanja, mfugaji wa Kisukuma. Alikuwa anahamishia ng'ombe wake kwenye mwinuko. Moyo ukanilipuka! Maana Masanja na mume wangu walikuwa hawasalimiani. Ng'ombe wake waliwahi kuingia shambani kwetu, wakarushiana maneno mazito mbele ya watu. Nikamwambia, "Kama umekuja kulisha mpunga wangu, leo sina nguvu za kugombana."

"Mpunga wako uko majini, mayu, ng'ombe wangu siyo viboko," akanijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nimekuja kuona. Ndege gani hao unaowaamia saa hizi? Ndege wote wamelala!"

"Siamii ndege. Namshukuru Mungu."

"Kwa makelele hayo? Kwani Mungu wako anakaa Mahenge, huko milimani?"

Alikuwa anacheka. Akapanda ngazi, akamwona Tekla. Kicheko kikakatika. Akamgusa paji la uso, akasema, "Mfunge kanga. Naleta mkokoteni." Hakuuliza ni mtoto wa nani. Alijua vizuri sana ni mtoto wa nani!

Akarudi na maksai wake. Mizigo yake aliimwaga kwenye mwinuko, tukapanda sisi. Maji yalifika matumboni mwa wale ng'ombe. Pahali pengine mkokoteni ulielea, nikaona tunakwenda na maji. Nikazidi kushukuru, sijui kitu kingine! Nikajaribu kushusha sauti kwa aibu, Masanja akageuka, "Endelea, mayu! Ukipiga kelele wanavuta vizuri." Basi nikaendelea. Tulipita majini hivyo, yeye anaswaga, mimi nashukuru, mpaka nchi kavu.

Zahanati ya kijiji ilikuwa wazi. Muuguzi alikuwepo, na kwinini ilikuwepo. Mwanangu akachomwa sindano pale pale. Nilikaa chini, kando ya kitanda, nimeshika mguu wake. Jua likaanza kushuka, ule mguu ukalowa jasho, ukapoa. Tekla akafumbua macho akaniangalia vizuri. Akasema, "Mama, sasa huko shambani nani anaamia?"

Haleluya! Niliruka! Muuguzi akanigombeza kwamba kuna wagonjwa wengine, na wale wagonjwa wakaniambia, "Mwache aruke!"

Ndugu zangu, sitawadanganya. Mpunga ule ndege waliula wakashiba. Maji yalichukua uliobaki. Mwaka ule tulikula mihogo mpaka Tekla akakunja uso. Jirani mmoja akanitania kisimani, "Mama Tekla, sasa wewe ni wa usukumani, unasafiri kwa ng'ombe!" Nikamwambia, ndiyo, tena nilipanda bure! Na baba Tekla aliporudi akasikia yote, alimkamata jogoo wetu mkubwa, akaenda mwenyewe kwa Masanja. Alitaka kusema maneno mengi, akashindwa, akamkabidhi tu yule jogoo. Masanja akasema, "Shemeji, kaa basi, tumle wote." Wakakaa.

Ndugu yangu, pengine leo na wewe umeombea jambo mpaka mdomo umekauka. Usiache kuomba! Lakini anza nyuma. Tafuta neema moja tu ambayo Mungu alikutendea, hata ndogo, uitaje kwa jina lake. Utaona moyo unaamka wenyewe kuomba, maana utakuwa unamwendea mtu unayemjua. Mtumaini huyu Yesu. Hajawahi kunikana.

Ukimaliza kusoma usiifungie sandukuni karatasi hii. Msomee asiyejua kusoma. Na kama kuna mama unayemjua, amepakata mtoto wa homa na maneno yamemwishia, mpelekee leo, usingoje Jumapili.