Historia ya Alvina Losier, Mpishi Tuliyemwandika Mwenye Njaa

Baba Paroko, Mheshimiwa Meya na madiwani mliofika, ndugu, majirani na nyinyi nyote mliopita kwenye theluji hii kuja kutushika mkono, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Donat Savoie, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, kazi niliyoikataa waliponiomba mara ya kwanza, kwa sababu wengi wenu mnakumbuka kwamba maisha ya dada yangu nilishayasoma hadharani siku moja, katika ukumbi wa halmashauri ya mji, na niliyasoma vibaya. Mpwa wangu Lucille akaniambia, "Mjomba, ndiyo maana utasoma wewe." Basi nimesimama, na ninamwomba Mungu aniongoze ulimi.

Alvina alizaliwa tarehe 14 Machi 1935 hapa hapa Anse-à-Mathurin, katika ile nyumba ya bluu iliyo nyuma ya kiwanda cha samaki, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Théophile Savoie na marehemu Obéline Haché, na kesho yake akabatizwa katika kanisa hili, maana baba yetu hakuwa mtu wa kumchelewesha Mungu. Tulizaliwa tisa, na tangu Ijumaa iliyopita nimebaki peke yangu.

Alianza shule kwa masista mwezi Septemba 1941, akapenda hesabu na kuimba, akaendelea vizuri hadi darasa la saba, lakini mwezi Oktoba 1948 mama yetu alipelekwa hospitali ya kifua kikuu na akakaa huko miaka miwili, hivyo Alvina, akiwa na miaka kumi na mitatu, akaacha shule na kushika jiko la nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nikawa nasahau na kumwita mama, naye hakunikemea, alisema tu, "Mama yako anarudi, wewe kula." Mama alirudi, Mungu ashukuriwe, ila Alvina hakurudi shuleni, na sikumsikia hata siku moja akilalamikia hilo, lakini kila mmoja wetu alipofaulu darasa alitaka kuishika ile karatasi mwenyewe na kuitazama pande zote mbili.

Mwaka 1951 aliajiriwa katika kiwanda cha kusindika kambakochi, akafanya kazi huko hadi mwaka 1963, alipochukuliwa kuwa mpishi katika shule ya bweni ya masista, na huko alikaa hadi shule ilipofungwa mwezi Juni 1995. Wamo humu ndani wanawake ambao leo ni mabibi na waliokula uji wake utotoni, na nina hakika wanamkumbuka kwa ladha na kwa ulimi pia, kwa sababu binti aliyekataa uji aliambiwa, "Nipe sababu, lakini usiniambie kwenu hamli uji, kwenu napajua."

Tarehe 7 Julai 1956 alifunga ndoa katika kanisa hili na Edmond Losier, mvuvi wa kambakochi, mtu mpole ambaye alikuwa akisema nyumbani kwake nahodha ni mmoja na si yeye, na Mungu akawajalia watoto watatu, Réjean aliyezaliwa mwaka 1957, ambaye amefika jana kwa ndege kutoka Alberta, Lucille aliyezaliwa mwaka 1959, muuguzi kule Moncton, na Marie-Ange wa mwaka 1961, aliyeishi siku tano. Edmond alifariki tarehe 3 Novemba 1998, na hapo ndipo dada yangu alipogundua jambo aliloniambia akiwa amesimama katikati ya jiko lake, kwamba hana sufuria ya mtu mmoja, zote alizonazo ni kubwa.

Kwa hiyo aliita watu. Alhamisi ya tarehe 14 Januari 1999 alipika fricot, ule mchuzi wetu wa kuku na viazi, katika jiko lililo chini ya kanisa hili, akawaita wajane, wagane na kila mzee aliyekuwa akila peke yake mbele ya televisheni, na kikundi kile tukakiita Meza ya Alhamisi, yeye akiwa mpishi mkuu, Bi Rose-Aimée Duguay mwenyekiti, na mimi katibu, si kwa elimu, maana niliishia darasa la nane, bali kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Kwa miaka kumi na saba wazee wa mji huu walikula chakula cha moto kila wiki, na wapo waliokuja wakisema wamekuja kwa ajili ya sala tu, wakaondoka na bakuli la pili.

Ndugu zangu, sasa nafika mwaka 2016, nami nawaomba mnivumilie. Mwezi Septemba mwaka ule mkaguzi wa zimamoto aliona kwamba jiko letu halina mtambo wa kunyonya moshi na kuzima moto, akalifunga, na alikuwa na haki. Wazee wakaletewa mikate baridi, wengi wakaacha kuja, na sisi tukaomba ruzuku ya halmashauri, pamoja na kikundi cha pikipiki za theluji, kwaya, na timu ya watoto ya besiboli, wote watu wazuri wenye shida za kweli, na fungu lenyewe lilikuwa dogo. Binti wa ofisi ya ruzuku, Josée, kwa wema wake, alituambia tusipeleke maelezo ya kikundi peke yake, tupeleke mtu mmoja na maisha yake, maana madiwani wakishamwona mtu wanaelewa.

Tukakaa kikao. Bi Rose-Aimée akasema, "Wazee wetu wana kiburi, nani atakubali aitwe maskini mbele ya mji mzima?" Tukatazamana, na mimi ndiye niliyelitaja jina, mimi ndugu yake wa damu, kwa sababu Alvina alikuwa na miaka themanini na mmoja, mjane, anaishi peke yake, hana gari, pensheni yake ndogo, na siku ile hakuwepo kikaoni kwa kuwa alikuwa akimpelekea jirani supu. Yeye tulimwambia avae vizuri na aje ukumbini ili madiwani wamwone mpishi wetu.

Jioni ya tarehe 15 Novemba 2016, yeye akiwa amekaa mstari wa mbele na kofia yake ya kahawia, nilisoma kwamba Alvina Losier siku zote za wiki anaishi kwa mkate mkavu na chai, kwamba Alhamisi ndiyo siku yake pekee ya chakula cha moto, na kwamba bila sisi angelala njaa. Kwamba ni mjane ilikuwa kweli, kwamba yuko peke yake ilikuwa kweli, lakini friza yake ilikuwa imejaa hadi juu, nusu ya mtaa ilikula kutoka humo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekula kwake mchana ule ule. Diwani mmoja akatoa leso, na meya wa wakati ule, ambaye naye ametangulia mbele za haki, akauliza kwa upole, "Mama Losier, ndivyo ilivyo?"

Dada yangu akasimama. Alinitazama mimi, kisha akawatazama wale wazee waliokuwa nyuma yetu na makoti yao, na nilijua kwamba neno lake moja lingetosha kuniaibisha na kutufungia jiko moja kwa moja, nami nilistahili. Akasema, "Ndivyo, Mheshimiwa. Alhamisi ndiyo ninayokula vizuri." Akaketi, na tukapewa ruzuku bila kura hata moja ya kupinga.

Garini, tulipokwisha kuvuka daraja, akasema, "Donat. Mkate mkavu na chai? Mimi?" Nikamwambia, "Nisamehe, dada, ilikuwa kwa ajili ya jiko." Akauliza, "Na jiko tumelipata?" Nikasema tumelipata. "Basi ongeza joto la gari, naganda, si unajua nimekonda kwa njaa." Tulicheka sote wawili, nikadhani yameisha, na Jumamosi nilimwungamia padre hasira na uvivu, hilo nikaliruka.

Lakini halikuisha, kwa sababu kanuni za ruzuku zinasema jina moja haliwezi kuandikwa pande zote mbili, mtu akiwa katika wanaosaidiwa hawezi kuwa katika wanaojitolea, na taarifa ya kila mwaka ilimtaka Alvina Losier upande wa wanaosaidiwa. Ndivyo tulivyomwondoa mpishi jikoni kwake, ndani ya jiko jipya aliloliokoa yeye, na tukamketisha mezani pamoja na kijiko. Krismasi ile parokia ilimpelekea kikapu cha maskini, naye alikipokea, akashukuru, akafunga mlango, akanipigia simu na kusema, "Wameniletea mbaazi za kopo. Mimi!" Nyinyi mliomletea vikapu miaka yote hii, mlitoa kwa moyo, na Mungu ameona, ila mjue leo kwamba kila kikapu kilihamia nyumba nyingine kabla ya jua kuzama, nami ninawaomba radhi.

Alhamisi alikula alichopikiwa, kwa adabu, na hakuingia jikoni tena, isipokuwa mara moja alimwita Fernand, aliyechukua nafasi yake na ambaye yuko hapa na amekubali nilisome hili, akamwambia, "Fernand, mwanangu, kuku huyu alikufa bure, viungo viko wapi?" Sisi tukacheka. Na kila Januari nilijaza ombi jipya la ruzuku, maneno yale yale, mkate ule ule na chai ile ile, nikibadilisha umri wake tu, kwa hiyo dada yangu alizeeka katika karatasi zangu bila kupata hata yai.

Mwezi Oktoba 2022 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara kadhaa, na mwezi Desemba uliopita, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, muuguzi kijana alikuwa akijaza taarifa zake na akamuuliza kazi yake. Akajibu, "Mpishi." Muuguzi akasema, "Mpishi mstaafu, bibi?" Dada yangu akasema, "Hapana, mwanangu, nimesimamishwa." Alisema kwa utani, hakunitazama, na tangu siku hiyo sijala chakula nikakisikia ladha. Hata hivyo Januari ilipofika niliipeleka karatasi ile ile, kwa mazoea na kwa woga. Alfajiri ya Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, mikononi mwa Lucille, baada ya kupokea sakramenti zote, Alvina alilala katika Bwana.

Jumamosi Bi Rose-Aimée alikuja nyumbani akaniambia, "Donat, soma tarehe tu. Meya atakuwepo, kura ni tarehe 27, ukisema haya tumekwisha. Na yeye mwenyewe aliona bora jiko." Ni kweli, aliona bora jiko, na kila nikilifikiria hilo najiona nimekosa mara mbili, nikinyamaza namzika na njaa ya uongo, nikisema natupa kile alichokilipia kwa jina lake. Niliomba, sikupata jibu la wazi, nikabaki na jambo moja tu, kwamba hiari ile ilikuwa yake na uongo ulikuwa wangu, na uongo wangu sina haki ya kumwachia yeye aende nao kaburini.

Jana asubuhi nilikwenda ofisi ya mji nikamwomba Josée anirudishie ombi letu. Akasema, "Mzee Donat, ukiiondoa hii hadithi mnakuwa wa mwisho, na mwisho wa kupokea ni leo saa sita mchana." Nikakaa kwenye benchi la pale mlangoni, nikaandika upya kwa mkono, na sikujua niandike nini cha kuwaliza madiwani, kwa hiyo niliandika tunachopika, nani hula, na kwamba aliyeianzisha meza hii alikuwa mpishi na amefariki. Mheshimiwa Meya, sikuombi kura mbele ya jeneza, hiyo ingekuwa dhambi nyingine, na kama halmashauri inataka maelezo ya miaka iliyopita, aliyeandika ni mimi na nyumba yangu inajulikana. Wazee wenzangu wa Alhamisi, kama jiko litafungwa, mnilaumu mimi, msimlaumu yeye.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliozoa theluji mlangoni kwake bila kuombwa, wenzake wa kiwandani na wa jiko la masista, Baba Paroko, na Bi Rose-Aimée, ambaye tangu jana hasemi nami, na bado amemenya viazi vyote vya leo. Mwili utahifadhiwa katika chumba cha makaburini hadi ardhi iliyoganda itakapoyeyuka mwezi Mei, nasi tutawatangazia siku ya maziko. Baada ya misa karibuni chini, kuna fricot, Fernand ameipika, na leo viungo havikusahaulika.

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja anayeomba msamaha. Alvina Savoie Losier, mpishi, pumzika kwa amani.