Siti Tano za Natina

Benchi letu liko nje ya mgahawa wa Quirino, upande unaopata jua la asubuhi, na mgeni akilikalia kwa mara ya kwanza huchanika suruali, kwa sababu ubao wa tatu una msumari ambao wenyewe tunaujua na tunaukwepa. Sote tulitoka kijiji kimoja cha mlimani kule Molise, Italia, tukaja hapa Montreal na masanduku yaliyofungwa kamba, tukafanya kazi mpaka migongo ikasema basi, na sasa kazi yetu ni hilo benchi. Asubuhi ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya Agosti, wiki ya kupika sosi, kila gereji ya mtaa ina pipa la nyanya linachemka na maji mekundu yanatiririka mpaka barabarani. Mimi nilikuwa namenya maharage mabichi kwenye aproni. Mashine ya kahawa ya Quirino ilikuwa imekufa tangu jana yake, na watu waliokosa kahawa, jamani, wana maneno.

Alikuwepo Donato, tunamwita Nusu Lita, kwa kipimo chake cha divai cha kila mchana ambacho hakijawahi kuzidi wala kupungua. Alikuwepo Gaetano, yaani Profesa, aliyeacha shule darasa la tatu lakini ana miwani na hununua gazeti. Na Ermete, tunamwita Zege, maana nusu ya zege la mji huu limepita mikononi mwake, na ulimi wake nao ni mzito vilevile. Quirino alikuwa anaingia na kutoka, anamngoja fundi.

Habari ya siku ilikuwa ya Natina. Padre alikuwa amepanda kwake, ng'ambo ya barabara, kumwomba aimbe Jumapili kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu, tunapoibeba sanamu yake mabegani na kuizungusha mtaa mzima. Natina akakataa. Alikataa kwa upole, akampa padre kahawa na biskuti, na ujumbe wa kutuletea sisi: "Watu wa benchi wameshanisikia mara saba. Waache wapumzike."

— Hayo si maneno ya mtu mwenye sauti, alisema Profesa. Huyo sauti imemkimbia, anaona haya kusema.

Ngoja niwaambie Natina ni nani. Jina lake la ubatizo ni Incoronata Petrecca. Alishuka melini ana miaka kumi na moja, baba yake akapata kazi ya kuchimba mahandaki ya treni za chini ya ardhi, na alipofika miaka kumi na minne alikaa kwenye mashine iliyo pembeni ya yangu, kiwanda cha mashati, tukishona matundu ya vifungo. Huko ndiko nilikomsikia. Mashine mia moja zinanguruma, na sauti ya yule mtoto inapita juu yake kama ndege anavyopita juu ya ng'ombe. Msimamizi alikuja kumfokea. Alisimama, akasikiliza, akaenda kuzima swichi kubwa, na kiwanda kizima kikakaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Kisha akamfokea.

Mama mmoja wa Kihungari, mwalimu wa uimbaji, akamfundisha kwa malipo ya kushonewa nguo. Gauni lake la kwanza la jukwaani nililikata mimi, kutoka pazia la sebule yangu, na mume wangu alikaa mwezi mzima akitazamana na majirani. Akaanza na opera ndogo ndogo, akiimba kijakazi anayeleta barua, sentensi mbili kisha toka. Kule Italia walimcheka, kwa vile alizungumza Kiitaliano cha kijijini kwetu, cha enzi za bibi zetu. Hakurudi nyuma. Akaimba huko miaka, Milano, Lisbon, hadi Buenos Aires, sasa si kijakazi tena, ni soprano mwenyewe, yule ambaye opera nzima inamzunguka na mwishoni lazima afe. Halafu ukumbi mkubwa wa mji huu ukamwita nyumbani. Misimu saba aliimba hapa. Mama yake alipofariki akaacha jukwaa, akahamia kwenye nyumba ya marehemu, ghorofa ya pili, mbele ya macho yetu, na tangu hapo hatujamsikia akiimba hata akianika nguo.

Nusu Lita alikuwa na maelezo yake. Kwa maoni yake sauti ni dumu la divai, unazaliwa na dumu lako, na Natina lake aliwamiminia wageni, hivyo sisi tukimtaka atumiminie atatoa mashapo tu. Profesa akasema hapana, suala ni bima. Alisoma kwamba waimbaji wakubwa koo zao zina bima, na ukithubutu kuimba bure kanisani, bima inakufa papo hapo.

— Na akipiga mluzi? nikamuuliza.

— Mluzi unaruhusiwa, dada Nunzia. Mluzi ni midomo.

Quirino akatoa kichwa mlangoni. Yeye alikuwa na habari ya uhakika kutoka kwa binamu yake wa Argentina. Kuna tajiri huko, mwenye ng'ombe elfu kadhaa, alimpenda Natina mpaka akamwandikia mkataba: asimwimbie mtu mwingine yeyote maishani ila ng'ombe wake, kwa sababu wakimsikia wanatoa maziwa mara mbili.

— Na ng'ombe wanaelewa Kiitaliano? akauliza Nusu Lita.

— Argentina kila mtu anaelewa Kiitaliano.

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Nilipoinama kuyaokota, niliona viatu vya Zege havitulii, kimoja kinamkanyaga mwenzake. Hakuwa amesema neno tangu padre aondoke.

Fundi akafika. Hakuwa yule wetu wa siku zote, alikuwa Mreno wa makamo, Amadeu, mtu wa heshima, akatuamkia mmoja mmoja kabla ya kuingia. Tukamsikia akiivuta mashine kutoka ukutani. Kisha kitu cha bati kikaanguka nyuma yake. Sote tukageuka, maana tulijua ni nini.

Alitoka na kopo la zamani la biskuti mkononi, bila kifuniko, limejaa tiketi.

— Samahani wazee wangu. Hizi tiketi ni za nani?

Quirino alinyoosha mkono alichukue, akisema ni takataka za zamani. Fundi alikuwa ameshaichukua moja, anaigeuza juani.

— Mke wangu anasimama mlangoni kwenye ukumbi huu, ndiyo kazi yake, kuchana tiketi za wanaoingia. Hizi hata moja haijachanwa. Safu ya mbele, siti tano, mwaka baada ya mwaka. Sasa siku hizo zote, pale alikaa nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama unavyouliza saa. Nusu Lita akatazama kulia, Profesa akafungua gazeti ambalo alishalisoma. Kahawa ya kutia mdomoni haikuwepo.

Sasa niseme mimi, kwa vile nilikuwa mmoja wa hao watano. Msimu wa kwanza Natina alituletea tiketi mwenyewe, hapo kwenye benchi, moja moja mkononi, kama komunyo. Tukavaa. Wanaume walivaa suti walizonunua kwa arusi za watoto wao, mimi nilivaa nguo nyeusi yenye kola ya lesi. Tukapanda basi. Tukafika, tukaona magari, makoti ya manyoya, ngazi pana nyeupe, na watu wanazipanda wakicheka kwa Kifaransa bila kutazama wanapokanyaga. Tukasimama ng'ambo ya barabara. Profesa akasema tungoje wapungue. Walipopungua, milango ikafungwa. Tukala mikate yetu yenye pilipili za kukaanga, nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa, tukarudi na basi lilelile.

Kesho yake Natina akapita kwenye benchi na kutuuliza tulionaje. Nusu Lita, na simlaumu, mtu yeyote kati yetu angeweza kuwa wa kwanza, akasema tulilia. Profesa akasema hasa pale mwishoni, alipokufa. Mimi, Mungu anisamehe, nikasema gauni lilimkaa vizuri. Natina alitutazama mmoja mmoja, akasema asanteni. Na msimu uliofuata akaleta tiketi tano. Na uliofuata. Kitu chenye jina la Natina huwezi kukitupa, kama usivyotupa picha ya mtakatifu, basi Quirino akawa anazitia kwenye kopo, kopo linakaa nyuma ya mashine, nasi kila mara tunalia, na kila mara gauni linamkaa vizuri.

Mara saba. Padre aliufikisha ujumbe neno kwa neno, nasi tukakaa tunazungumza habari za ng'ombe.

— Zirudishe ndani, Quirino akamwambia fundi, kwa sauti ndogo.

— Hazirudi, nikasema.

Zege akasimama. Akasema maneno ambayo ni mengi kwake kwa wiki nzima:

— Nakwenda kuvaa.

Baada ya nusu saa mtaa uliona vituko. Wazee wanne kwenye suti nzito, Agosti, jua la kukaanga mayai, na mimi na kola yangu ya lesi, tunavuka barabara kama tunafuata jeneza. Nyumba za hapa ngazi zake ni za chuma na ziko nje, zinapanda kwa kujisokota mpaka mlango wa juu, kwa hiyo huwezi kwenda kuomba msamaha bila mtaa wote kukuona. Tulipanda kwa mstari mmoja. Zege mbele, na zile tiketi tano za kwanza mkononi.

Natina akafungua. Ana aproni, mikono myekundu hadi viwiko, nyuma yake sufuria ya sosi inatokota. Alitazama suti, akatazama viatu vilivyopakwa rangi, mwisho akatazama tiketi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Yote iliyeyuka. Aliyesema ni Zege.

— Natina, mwanangu. Hatukuingia. Hata mara moja. Ule ukumbi, zile ngazi nilizimwaga mimi, mimi na kaka yangu, baridi ya Machi, tunachemsha maji ili zege lisigande. Najua kila moja ina unene gani. Siku ile nikashindwa kuzikanyaga.

Natina hakushtuka. Alijifuta mikono polepole kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

— Najua, baba Ermete. Niliwaombea safu ya mbele ili niwaone. Taa zinaumiza macho ukiwa pale, watu wa nyuma ni giza tu. Lakini ya mbele inaonekana.

— Na bado ukaleta tena, nikasema.

— Nilisema labda mwaka huu watapata nguo.

Nusu Lita alikuwa anaangalia mjini, shingo imemwiva. Profesa alivua miwani na kuifuta kwa tai. Natina akapokea tiketi kutoka mkononi mwa Zege, akazisogeza mbali na macho asome tarehe. Kisha akaichana ya kwanza katikati, vizuri, kwenye ile mistari ya vitundu, akampa Zege kipande. Akaichana ya Quirino. Ya Profesa. Ya Nusu Lita. Mimi alinipa ya mwisho, yenye alama ya kidole chake cha nyanya.

— Mmechelewa miaka kumi na moja, akasema. Na sheria ya ukumbi mnaijua? Hamuijui, mtaijuaje. Aliyechelewa haingii mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Anasikilizia nje.

Akafunga mlango.

Tulisimama. Nusu Lita alidhani tumefukuzwa, akaanza kushuka, nikamshika koti. Ndani tulisikia kifuniko kinawekwa juu ya sufuria. Tukasikia kiti kinaburutwa, halafu kifuniko kingine, kizito, cha mbao, ile piano ya marehemu mama yake. Akapiga noti moja, akaipiga tena. Akakohoa. Sauti ilipotoka ilikuwa nzito kwanza, ina vumbi, inatafuta njia yake, kama mtini tunaouzika ardhini kila Novemba usife kwa theluji na kuufukua wakati wa Pasaka, umepinda, huna hakika. Akasimama, akaanza upya. Na hapo ikapanda.

Sikuwa nimeisikia tangu kiwandani. Nilikuwa nimesahau kwamba haikuingii masikioni, inakuingia hapa, chini ya kola.

Kila mmoja alikaa kwenye ngazi yake, Zege juu kabisa, mgongo kwenye mlango, kipande cha tiketi amekishika kwa mikono miwili. Wanawake wa magereji walitoka na miko yao. Chini, ng'ambo ya barabara, yule fundi alikuwa ametoka na bisibisi mkononi kutafuta sauti inatoka wapi. Alirudi nyuma hatua moja, akaketi kwenye benchi letu, ubao wa tatu, juu ya msumari. Hakuinuka.